Maziwa Yanayokwenda Yenyewe

Kila asubuhi, kabla ya kupimiwa maziwa, mteja katika mji wa Sultan Hamud alinyoosha kiganja. Muuzaji alifunua mtungi, akachovya kikombe chenye mkono mrefu, akadondosha maziwa kidogo kwenye kile kiganja. Mteja alilamba, akatazama upande wa reli kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, kisha akatoa chupa yake, au akafunga kiganja na kwenda kwa muuzaji wa pili. Maneno hayakuwa mengi. Malori ya Mombasa yalipita pale mbele yakitikisa vifuniko vya mitungi, na biashara ikaendelea.

Mutanu alikuwa akiketi katika safu hiyo ya maziwa tangu siku ambazo mwanawe Ndolo alikuwa mgongoni. Sasa Ndolo alikuwa na ndevu, na mama yake alikuwa mwenyekiti wa safu, maana hakuna mwingine aliyetaka kazi ya kugombana na watu wa takataka. Alijua kila kiganja kwa mistari yake. Alijua pia kisa cha Ndunge, mwenzake wa upande wa kushoto, ambaye mwaka mmoja wa kiangazi alitia maji. Hakuna aliyemfokea Ndunge wala aliyeita polisi. Watu walilamba, wakafunga viganja, wakapita. Ndunge akawa anarudi nyumbani na mtungi umejaa, akiwanywesha ndama maziwa yao wenyewe, mpaka haya ikamshika. Alirudi na maziwa safi, akadondoshea watu viganjani kwa muda mrefu bila kuuza hata chupa moja, na polepole wakamsamehe. Hiyo ndiyo iliyokuwa serikali ya safu ya maziwa, na anayesimulia hajaona iliyo bora zaidi.

Baada ya kipimo kulikuwa na nyongeza. Kikombe kikishamiminwa kwenye chupa, muuzaji alichovya tena bila kuombwa akaongeza kidogo juu, ile ya kumwambia mteja arudi kesho. Katika safu hiyo, ukisema mtu anaongeza, ulimaanisha mkono wake si mzito. Lile tendo lingine, la Ndunge, liliitwa kutia maji, na lilitajwa kwa sauti ya chini.

Kisha akaja Waringa. Mumewe alikuwa amefungua duka la vyuma karibu na stesheni, nao wakahama kutoka Nyandarua pamoja na binti yao Kui. Waringa alikaa nyumbani kidogo, akachoka kukaa, akaanza kununua maziwa ng'ambo ya reli kwa Wamaasai na kuyaleta sokoni mapema, yakiwa bado na joto la ng'ombe. Aliomba nafasi mwishoni mwa safu. Mutanu mwenyewe ndiye aliyemwonyesha pa kuweka kigoda.

Nyongeza ya Waringa ilikuwa karibu nusu kikombe. Alikotoka, alisema, ilikuwa aibu mteja kuondoka huku maziwa hayajafika shingo ya chupa. Haukupita muda, viganja vikaanza kupita mbele ya Mutanu vikiwa vimefungwa, hata kabla ya kulamba. Mzee Kyule, fundi wa baiskeli aliyenunua kwake miaka mingi, naye alipita akiinamisha kofia.

"Mzee, yangu yamekuwa na nini?" Mutanu alimwuliza.

"Hayana kitu, mwaitu, mama yangu. Ni mazuri," Kyule alisema. "Lakini ya Mama Kui ni mazuri na ni mengi. Ongeza na wewe kidogo, nitarudi."

Lilikuwa jibu la haki, na ndiyo sababu lilimkera. Mutanu angeweza kuongeza. Angeweza kuamka mapema kidogo, au kutafuta ng'ombe mwingine. Badala yake alivaa gauni la kanisani, akaenda mjini Wote, kwenye ofisi inayoshughulika na mambo ya maziwa, akasema kwamba Sultan Hamud watu wanauza ovyo, wengine hata hawajulikani walikotoka, na kwamba watoto wataugua. Hakukuwa na mtoto aliyekuwa ameugua. Aliyasema kwa uchungu mpaka yeye mwenyewe akayaamini, na pale mlangoni wakati wa kuondoka alisema sentensi ambayo baadaye angetamani aimeze.

"Serikali iingilie."

Ofisini walifurahi sana. Ni mara chache mtu huja mwenyewe kuwaomba.

Ofisa aliyetumwa aliitwa Musyoka. Alikuwa kijana mpole, viatu safi, aliyekulia Nairobi katika nyumba ambayo maziwa yalitoka dukani yakiwa ndani ya pakiti. Kikamba chake kilikuwa cha salamu tu. Alikuja na kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kusema kama yana maji, akaanza na mwisho wa safu, pale Mutanu alipomwelekeza kwa kidevu.

Kijiti kilielea vizuri katika mtungi wa Waringa. Musyoka akakitazama, akakipangusa, akaridhika. Kisha akauliza, kwa sababu alitakiwa kuuliza:

"Mama, unaongeza kitu kwa haya maziwa?"

Waringa alicheka. Alidhani kijana ni mteja mwenye adabu.

"Eeh, naongeza. Kila mtu naongezea. Si unaona vile wanakuja?"

"Kila siku?"

"Kila siku. Siwezi acha mtu aende bila kumwongezea. Hata wewe ukileta chupa nitakuongezea."

Musyoka akatoa daftari. Hakuwa amewahi kusikia mtu akikiri kwa furaha namna ile. Akamgeukia Mutanu, aliyekuwa amesimama karibu kama mwenyekiti.

"Mama Mwenyekiti, amesema anaongeza?"

Mutanu alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, nyongeza, na kijana angeelewa, kwa kuwa hakuwa mjinga. Neno lilifika mdomoni. Alitazama chupa za wateja wa Waringa zilizojaa hadi shingoni, akatazama mtungi wake mwenyewe ambao haukuwa umefunuliwa tangu asubuhi.

"Umesikia mwenyewe," alisema.

Ilikuwa kweli. Musyoka alikuwa amesikia mwenyewe. Akaeleza, kwa huzuni ya kweli, kwamba kijiti kinaweza kukosea, ila mtu akijisemea kwa kinywa chake hakosei. Akaomba radhi, akainua mtungi wa Waringa, akamwaga maziwa yote chini kando ya lami.

Maziwa hayakuingia ardhini. Yalitandaa, yakafika upana yaliotaka, yakasimama. Vumbi halikuyashika, nzi hawakutua juu yake. Musyoka alisubiri kidogo yaingie, kwa kuwa alipenda kumaliza kazi. Yalipokataa, akaandika kwamba yamemwagwa, akaenda zake. Mzee Kyule alikuja na fimbo, akagusa ukingo wa maziwa, ukarudi nyuma kidogo na kukaa sawa.

"Hayo ni ya Mama Kui," alisema, akarudi kwenye baiskeli zake.

Kesho yake asubuhi maziwa yalijigawa. Fungu moja lilishika kijia cha nyuma ya kinu cha unga, likafika mlangoni kwa Kyule na kutulia kizingitini. Jingine lilikwenda kwa fundi cherehani, jingine kwa mwalimu wa nasari, kila mlango na kipimo chake cha kila siku. Nyuma ya kila fungu, mbali kidogo, ilifuata nyongeza, ikiharakisha kama kifaranga aliyeachwa, mpaka ikaingia juu ya wenzake. Watu walichota na vikombe vyao wakapika chai. Ilikuwa tamu kama zamani. Pesa za maziwa walizipeleka dukani kwa mume wa Waringa, na Waringa alizipokea, maana maziwa yalikuwa yake. Kila jioni yale maziwa yalikuwa yamejaa tena pale pale kando ya lami, kiasi kile kile.

Habari zilifika Wote, na amri ikaja. Maziwa yote yauzwe katika chumba chenye vigae, kwa mashini ya baridi, na mwenye leseni. Ni marufuku kupokea maziwa mengine yoyote, yawe yanabebwa, yanatiririka, au yanakwenda yenyewe. Wakili fulani alipongezwa kwa yale maneno ya mwisho, kwamba alifikiria mbele.

Kyule hakujali amri. Alisema inspekta wa maziwa ni ulimi wake, na haujawahi kumdanganya tangu azaliwe. Asubuhi moja wakaguzi wakamkuta ameinama kizingitini na kikombe. Hawakumshika. Walimwambia tu kwamba banda lake la baiskeli liko kwenye ardhi ya soko, na kwamba mambo ya ardhi ya soko yanaweza kuangaliwa upya. Kyule akamimina kikombe chini polepole, na maziwa yakarudi kwa wenzake. Tangu siku hiyo yalipofika mlangoni alibaki ndani ameketi, akisubiri yachoke yaende. Yalikuwa yakikaa muda mrefu. Milango mingine ikawa hivyo hivyo.

Waringa aliomba leseni, akanyimwa. Faili lake lilisema anaongeza. Aliomba mara ya pili, akaeleza, na yule aliyempokea akamwambia kwamba maelezo hayo angeyatoa siku ile ile, mbele ya mashahidi, na shahidi alikuwepo. Waringa hakuuliza shahidi alikuwa nani. Duka la vyuma nalo lilikuwa limeanza kutembelewa na watu wa kukagua, leo mizani, kesho bango, na mumewe akasema wamechoka kuwa wageni. Wakafunga.

Siku ya kuondoka Waringa alipita safuni kumuaga kila mtu. Alimshika Mutanu mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Ndolo, nakuomba kitu kimoja. Uniangalizie haya maziwa. Malori ya hapa hayaangalii, yatayakanyaga."

"Nitaangalia," Mutanu alisema.

"Ubarikiwe. Wewe ndiye ulinionyesha pa kukaa."

Kui alipunga mkono kupitia dirisha la gari la mizigo. Mutanu alipunga pia. Aliumia, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu angelazimika kumwambia yote.

Hapo awali Mutanu alidhani amri itampata mtu mmoja tu. Amri haikuwa na macho ya namna hiyo. Mitungi ya safu nzima ilichukuliwa. Ndunge, aliyekwisha kusamehewa na kila kiganja cha mji, hakuweza kununua mashini, akarudi nyumbani kwao Kathonzweni kupanda ndengu. Wengine walitawanyika, huyu akauza mboga za sukuma, huyu akakaa tu nyumbani. Mutanu peke yake, kwa mkopo wa chama na shamba la mumewe kama dhamana, aliweza kupata chumba chenye vigae. Watu walimpongeza kanisani. Alisimama mbele na kusema Bwana asifiwe, sauti yake ikamshinda, akina mama wakadhani ni furaha.

Ng'ombe wake mwenyewe hawakukubalika, kwa kuwa hawakuwa na karatasi. Maziwa yalikuja na lori kutoka mbali, yakiwa na muhuri. Mashini ilipokea sarafu, ikatoa kipimo kamili, ikanyamaza. Haikujua kuongeza. Mzee Kyule alipokuja mara ya kwanza aliacha chupa chini ya bomba baada ya kipimo kuisha, akaitazama mashini, akamtazama Mutanu. Kisha akanyoosha kiganja.

"Hiyo haifanyi hivyo, mzee," Mutanu alisema. "Ukitaka kuonja lazima ulipe."

"Na nikionja nisipende?"

Mutanu akafuta bomba kwa kitambaa. Kyule akafunga kiganja kitupu na kuondoka na chupa yake.

Kadiri miezi ilivyokwenda maziwa ya lori yakawa mepesi. Mutanu aliyaonja nyuma ya chumba na ulimi ukamwambia mara moja. Alipiga simu kwa wenye lori, akawaambia kwamba haya yametiwa maji. Mtu wa upande ule alimjibu kwa upole kwamba haiwezekani, kwa kuwa yana cheti. Mutanu akasubiri wateja wakasirike, wafunge viganja, wapite. Alitamani wapite. Angalau hapo angekuwa na kitu cha kuwaonyesha wenye lori. Hawakupita. Walinunua wakiwa wamenuna, wakapika chai ya rangi ya kijivu, wakarudi kesho.

Na kila asubuhi, akifungua, aliona maziwa ya Waringa yakipita mbele ya chumba kwenda kwenye milango isiyofunguliwa, na nyongeza zikiyafuata. Alikuwa akifagia njia mapema ili mawe yasiyasumbue. Akiona lori linakuja alisimama barabarani akainua mkono, na madereva walimzoea, wakapunguza mwendo. Hiyo ndiyo ahadi pekee katika jambo lote hili aliyoitimiza.

Ikafika siku hakuweza kuvumilia tena. Musyoka alikuwa amepandishwa cheo na kuhamishiwa Kitui. Mutanu alivaa lile gauni la kanisani, akasafiri mpaka Kitui, akauliza ofisi, akaelekezwa orofa ya juu. Musyoka alimkumbuka. Alimpa kiti na kuagiza chai, ambayo ilikuja ikiwa ya rangi, bila maziwa.

"Nimekuja kwa sababu ya yule mama wa Sultan Hamud," Mutanu alisema. "Alisema anaongeza. Alikuwa anasema nyongeza. Ile ya juu, ya kumpa mteja bure. Hakutia maji hata siku moja."

Musyoka aliweka kikombe chini.

"Nyongeza," alisema.

"Ndiyo. Mimi nilijua. Nilikuwa hapo na nilijua, na nilinyamaza kwa sababu alikuwa ananimaliza. Na ni mimi nilienda Wote kuwaita. Hakuna mtoto alikuwa mgonjwa."

Kijana alitazama dirishani. Chini, watu wa Kitui walikuwa wakinunua maembe, wakiyabonyeza kwa vidole kabla ya kulipa, na hakuna aliyewazuia, bado.

"Pole, mama," alisema. "Kusema kweli kijiti kilikuwa sawa siku ile. Nimekuwa nikifikiria hicho kijiti."

"Basi naondoa malalamiko yangu."

"Huwezi, mama. Si yako tena."

"Si ni mimi niliyaleta?"

"Ulileta. Lakini yalishakuwa sheria. Kuna watu wameajiriwa hapo, kuna mashini zimenunuliwa, kuna watu wa malori wana kandarasi. Nikisema tulisikia neno vibaya, hao wote niwaambie nini?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetaka kusaidiwa jibu. "Hata ningetaka kuandika barua, sijui ningemwandikia nani. Kila mtu ana kipande kidogo tu."

Chai ikapoa.

"Bado yanatembea?" Musyoka aliuliza hatimaye.

"Yanatembea."

"Na kibali?"

"Hayana."

Musyoka akatikisa kichwa polepole, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi, akamshikia mkoba mpaka chini.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufungua, Mutanu alijaza ndoo kwenye mashini yake mwenyewe, akailipia kama mteja yeyote. Alivuka barabara, akasimama kando ya maziwa ya Waringa, ambayo yalikuwa ndiyo kwanza yanajigawa. Hakuwa amepanga alichotaka. Labda aliona vibaya yawe peke yake. Labda alitaka ya kwake nayo yaende mahali, hata mlango mmoja, yakatulie kizingitini na kusema kwa niaba yake lile neno alilolimeza. Akainamisha ndoo.

Maziwa ya lori yaligusa udongo na kuzama papo hapo. Yaliacha doa lenye maji, na mbwa wa hotelini akaja, akanusa, akaondoka. Maziwa ya Waringa yalizunguka lile doa kwa uangalifu, yakashika kijia cha kinu.

Mzee Kyule alikuwa mlangoni pa banda lake la baiskeli, spana mkononi.

"Umemwaga, Mama Ndolo?"

"Nimemwaga."

"Yameingia," Kyule alisema.

"Yameingia, mzee."

Alisubiri kidogo kuona kama kitarudi juu chochote, kisha akakung'uta ndoo na kuvuka barabara. Foleni ilikuwa imeshafika mbele ya chumba cha vigae, watu na chupa zao, wametulia, maana hapakuwa na pengine pa kwenda. Mutanu akatoa funguo, akaomba radhi kwa kuchelewa, akawafungulia.